Siku Tatu Ziwa Halikusomwa

Siku yangu ya kwanza kazini nililowa hadi kiunoni, nikarudi nyumbani Rugenge nikicheka peke yangu njiani. Nilikuwa na miaka miwili tu ya sekondari, na kituo cha kuchunguza ziwa kilitafuta mtu wa kusoma eshele. Eshele ni bamba la chuma lenye alama kama rula, limesimamishwa ndani ya maji. Kila asubuhi unaandika kwenye kaye, daftari la kituo, maji yamefika alama gani. Nilidhani ni kazi ya dakika moja.

"Iko ngapi?" aliuliza Shefu wa Sehemu ya Maji, mwanaume mfupi aliyevaa kaptula na tai.

Nikataja namba. Wimbi likapita, nikataja nyingine. Likaja la tatu, nikabadilisha tena.

"Weye, uko unasoma ziwa ao uko unauzisha ndagala? Bei inabadilika kila saa!"

Akina mama waliokuwa wakianika ndagala, dagaa wetu, mchangani walicheka mpaka wakakaa chini. Kisha Shefu akanifundisha: soma wimbi likipanda kabisa, soma likishuka kabisa, chukua katikati. Rudia mara tatu.

Lakini siku iliyoniteka ni ile tuliyokwenda na boti mbali na ufuko. Tulishusha chupa ya kuchotea kwa kamba ndefu, ndefu mno, tukaivuta. Ilipofunguliwa ilitoka harufu ya mayai yaliyooza.

"Ile ni maji ya chini," Shefu alisema. "Kule hakuna pumuzi. Samaki akishuka, anakufa."

Jamani! Nilizaliwa kando ya ziwa hili, na sikujua kwamba samaki wetu wote, ndagala na mikeke, wanaishi katika tabaka la juu tu, na chini yao kuna giza lisilo na samaki hata mmoja. Shefu akanyoosha mkono kwenye milima yetu, kisha kwenye milima ya Burundi ng'ambo. "Udongo ilipasuka hapa katikati, na ingali inapasuka. Ziwa imejaa mu ule ufa." Ziwa la pili kwa kina duniani, na mimi ndiye niliyepewa kulisoma!

Jioni nilimsimulia mke wangu, Mama Neema. Akaninusa mikono. "Sasa unaniletea harufu ya chini ya dunia mu nyumba yangu?"

Baadaye nilipelekwa bonde la Ruzizi kupima kasi ya mto kwa mulinet, pangaboi ndogo inayozungushwa na maji. Huko ndiko nilikoelewa hesabu nzima. Ruzizi inaleta maji ya ziwa Kivu, mito ya milimani inaongeza yake, na mlango wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga, mbali kule Kalemie. Maji mengi zaidi huondoka na jua. Kwa hiyo mvua ikizidi, ziwa hupanda, na halina haraka ya kushuka.

Mvua zilipozidi kweli, nilikuwa nimerudishwa kwenye eshele. Maji yaliingia viwanja vya chini vya Kavimvira. Shefu wa kata hiyo alingoja namba zetu, na familia zilimngoja yeye: zing'oe mabati zihame, au zibaki?

Katika majuma hayo Mama Neema alifariki. Sitaandika mengi. Kwetu mwanaume aliyefiwa hukaa kilioni, watu wanamjia. Nilikaa siku tatu. Siku ya nne nilikwenda biro, ofisini kwetu, kabla ya kushuka majini, nikafungua kaye, nikaona mistari mitatu mitupu. Haikuwahi kuwa na mstari mtupu. Nikaandika mara tatu namba ya siku aliyokufa.

Direkta wa kituo aliingia, akaichukua kaye. "Imesimama! Siku tatu haijatembea! Watu wabaki kwao!" Alikuwa tayari ameshika simu ampigie shefu wa kata.

"Direkta, usipige."

"Juu ya nini?"

"Zile tatu nimeandikia hapa ku meza. Sikuenda ku maji."

Nilijua nimepoteza kazi. Alinitazama kichwa changu kilichonyolewa. "Papa Neema, ungenitumia neno tu, ningetuma muntu mwingine."

"Najua."

"Basi twende. Mbio!"

Tulikimbia, Direkta na viatu vyake mpaka ndani ya maji. Ziwa lilikuwa limepanda kiganja kizima. Alipiga simu palepale, miguu ikiwa majini. Kabla ya jua kuzama niliona mabati yakipita barabarani juu ya vichwa. Juma lililofuata maji yaliingia katika nyumba hizo, hayakumkuta mtu.

Direkta alinipa barua ya onyo, nami niliistahili. Kaye aliniachia. Mistari mitatu niliikata kwa kalamu, nikaandika: haikusomwa.

Mwaka huu nimestaafu. Mwanamke aliyechukua nafasi yangu aliipekua kaye, akasimama kwenye mistari ile mitatu.

"Papa, hapa kulikuwa nini?"

"Nilikuwa kilioni."

"Na ziwa ilifika wapi?"

"Minye sijui."

"Komputa inaweza kujaza."

"Iache hivyo, mama. Hakuna mwenye aliona."

Akaiacha. Ilikuwa karibu saa moja asubuhi, upepo umetulia. Tukateremka ufukweni, mimi nikiwa mbele, kwa sababu namba ya siku hiyo ilikuwa bado haijulikani kwa mtu yeyote duniani.