Viti Viwili vya Arusi

Mimi kazi yangu hapa Kasongo ni kukodisha vyombo vya arusi: vitambaa, maua ya plastiki, na viti viwili vikubwa vya maarusi. Kiti cha bwana kilikuwa na mgongo mrefu na taji la mbao juu. Cha bibi kiliishia mabegani. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwagiza fundi avitengeneze hivyo, na wajomba wa bwana arusi walikuwa wakifika wanakagua lile taji kwanza kabla ya kuuliza chakula.

Kupamba nilipamba na ndugu yangu mdogo wa kiume. Alikuwa na fundo lake la kufunga kitambaa nyuma ya kiti, linakaa kama ua, na watu walinisifu mimi kwa kazi yake. Miaka mitatu iliyopita, tukiwa tunapamba, aliniambia kwamba yeye na rafiki yake, mwalimu mmoja, mwanaume kama yeye, wanapendana na wanataka kukaa pamoja. Hakutaka kanisa, hakutaka Leta na karatasi zake za serikali. Kwangu mimi, dada yake mkubwa, Yaya wake, aliomba kitu kimoja tu.

"Yaya, utupambie viti nyumbani kwangu, mchana mmoja tu. Watu watakuwa kumi."

Mdomo uliponza kichwa. Nilimwambia viti vyangu si vya mchezo, tena nikamcheka: "Na nani atakaa kwa kile cha kike?" Alifungua fundo alilokuwa anafunga, akakunja kitambaa vizuri, akakiweka mezani. Wiki ile ile waliondoka wote wawili, wakaenda Bukavu. Tangu hapo nikimpigia simu ananisalimia, anauliza afya, basi. Nililia, lakini nililia nimefunga mlango, maana kiburi nacho ni ugonjwa.

Mwaka huu walikuja wanawake wawili kutoka Salamabila, wamejaa vumbi la pikipiki mpaka kwenye kope. Mmoja anauzia wachimbaji maharagi, mwingine anasuka nywele. Wakasema wanataka viti, feti, sherehe yenyewe, itakuwa Kabambare, kwa shangazi wa msusi.

"Bwana arusi iko wapi?" nikauliza.

Wakatazamana, wakacheka. "Mama, bwana hakuna. Ni sisi wawili."

Yale maneno ya zamani yalinifika kwenye ulimi. Lakini msusi alikuwa ameshasogea kwenye viti, ameshika lile taji. "Hiki kirefu kitatusumbua," akasema. "Nani atakaa juu ya mwenzake?"

Jamani! Ni karibu swali lile lile nililomuuliza ndugu yangu. Msusi aliuliza kwa sababu alitaka jibu, mimi niliuliza ili niumize. Nikawaambia, "Muende, mutakuta viko sawa."

Nilipomwambia fundi akate mgongo wa kile kirefu, taji na yote, ulingane na wa bibi, alidhani nimelewa. "Mama, kiti kizima nakata?"

"Kata. Mbao ni yangu, kelele ni yako."

Akauliza sababu, nikamwambia yote, ingawa wateja wangu wengi ni watu wa kanisa. Akachukua msumeno. Alipomaliza aliomba nilete vanishi, mahali palipokatwa pasionekane.

Viti vilikwenda Kabambare vimefungwa juu ya pikipiki mbili, matope mpaka magotini. Tulikuwa watu kumi na wanne, wali, mbuzi, na yule shangazi aliyepiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Nilipamba mwenyewe. Lile fundo la ndugu yangu nilijaribu mara tano, likanishinda, nikafunga lolote.

Kabla maarusi hawajakaa nikapiga picha ya viti vitupu. Nikamtumia Bukavu: "Nimekata kile kirefu. Fundo lako limenishinda. Nisamehe, ndugu yangu, nilikukosea."

Siku mbili hakujibu. Nikajiambia maji yakimwagika hayazoleki, nikaendelea na kazi. Wajomba wengine walinung'unika kukosa taji, na arusi moja ilinipita, wenyewe wakakodi kwingine. Lakini bibi arusi mmoja, mtoto wa wakulima wa huku kwetu, alikaa, akapima bega lake na la mume wake, akacheka peke yake mpaka mama mkwe akamkanya. Nikampenda yule binti.

Siku ya tatu simu ikalia mezani. Ujumbe wa ndugu yangu.

"Yaya, unakaza sana, ndiyo maana fundo linaharibika. Nitakuja kukuonyesha. Tutakuja wawili. Viti utuwekee mwezi wa nane."

Nilipiga kelele, majirani wakatoka wakidhani kuna msiba. Mwezi wa nane ni mwezi wa arusi nyingi, na watu wameshaanza kuja kuomba. Nawaambia vitambaa vipo, maua yapo. Viti vina wenyewe.