Mauntingi Alizozikataa Fundi Subiri

Kama kuna mtu aliyezaliwa na tumbo joto, basi ni yule fundi wa gereji iliyo nyuma ya kiwanda cha magodoro. Watu walimwita Fundi Subiri, maana neno hilo halikumwisha mdomoni. Ukimwambia gari limepona, subiri kwanza. Ukitaka kuvuka barabara, subiri kwanza. Hata mkewe alipomkubali uchumba alijibiwa hivyo hivyo, na mama wa watu nusura abadili mawazo.

Usimcheke sana. Uoga ule ndio uliomfanya awe fundi hodari wa miguu ya magari. Shokapu, springi, bushi, kila kinachoshika gurudumu lisichomoke, alikikagua mpaka mwenye gari anasinzia kwenye kiti. Na uoga wenyewe ulikuwa na chanzo. Kaka yake mkubwa alifia kwenye barabara ya mlimani, lori lilipomshinda konani, na Subiri ndiye aliyeitwa kwenda kuutambua mwili.

Marehemu aliacha mke, binti na gari. Binti walimwita Kipenga, kwa vile alipokuwa mchanga kilio chake kilisikika mtaa wa pili. Sasa ni muuguzi, mtu mzima na akili zake, ila bado hajui kusema polepole. Gari lilikuwa la spoti, la zamani, jekundu, la milango miwili na viti viwili, limelala chini kiasi kwamba ukiingia unahisi umekaa barabarani. Kipenga alilitoa kwenye vumbi, akalifufua kidogo kidogo, kisha akajiandikisha mashindano ya magari ya kale ya kupanda mlima. Mlima ule ule uliomla baba yake.

Lilibaki jambo moja tu: mauntingi za mbele. Ni kitu kidogo, raba nene ya duara iliyobanwa na vyuma. Hukaa chini ya boneti na kushika kichwa cha shokapu kisitoboe bodi. Ikiachia kwenye kona, gurudumu linakwenda linakotaka lenyewe, na dereva anabaki na usukani wa mapambo.

"Baba mdogo, mimi nitaleta, wewe chagua tu," Kipenga alisema.

Mama yake naye alimpigia simu Subiri siku hiyo hiyo. "Shemeji, mimi huyo nimeshindwa kumzuia," akasema. "Nakuachia wewe." Akakata simu. Maneno hayo yalimkaa Subiri kifuani.

Mauntingi za kwanza zilikuja ndani ya boksi lake, mpya, za gari lile lile, zimetoka kwa mzee mmoja aliyekuwa anafunga duka la spea. Subiri akazibonyeza kwa ukucha. Raba ikabonyea, ikarudi. Akapima matundu, akazipachika kwa mkono, zikakaa barabara. Zilikuwa nzima kabisa, na hapo ndipo kijasho chembamba kilipomtoka. Maana akizifunga hizi, kesho mtoto yuko mlimani.

"Hapana," akasema. "Zimekaa sana stoo. Raba imekufa."

"Mbona zinang'aa?"

"Raba hufia ndani, mwanangu. Subiri kwanza, tutapata nyingine."

Akalisukuma boksi chini ya benchi. Kipenga akaguna, akaenda kutafuta nyingine. Akaleta ngumu, za kukimbilia mashindano. Subiri akasema zitapasua bodi, na hapo alisema nusu ya kweli. Akaleta zilizotolewa kwenye gari bovu. Hizo zilikuwa zimechoka hasa, na Subiri akazikataa kwa furaha, mpaka akaagiza chai. Akaleta tena mpya, nzuri, hazina doa. Subiri akazigeuza, akazigeuza, wee, kasoro haionekani. Mwisho akasema rangi yake haimridhishi.

"Rangi!" Kipenga alishika kiuno. "Baba mdogo, tunachagua pazia? Hutafuti mauntingi wewe. Unatafuta sababu."

Angeweza kusema palepale. Mwanangu, naogopa. Maneno mawili tu, hayamvunji mtu mfupa. Lakini akashika kitambaa na kuanza kufuta spana iliyokwisha kuwa safi. Utu uzima nao una ujinga wake.

Asubuhi ya mashindano alipofika gereji, mahali pa gari palikuwa patupu. Mlinzi wa getini akamwambia binti amekuja mapema, gari limevutwa, liko ng'ambo ya barabara kwa Chapuchapu.

Chapuchapu si mtu mbaya, ila ni fundi anayemaliza kazi wewe hujamaliza kueleza ugonjwa. Subiri, ambaye hajawahi kuvuka barabara ile bila kuangalia kulia na kushoto na kulia tena, siku hiyo alivuka mbio, honi zikimlilia pande zote.

Akakuta boneti iko wazi na Kipenga keshavaa kofia ya mashindano. Mauntingi zilizofungwa zilikuwa za gari jingine, nene kupita kiasi. Akainama. Nati ya katikati, ile inayoshika shokapu yote, ilikuwa imeng'ata ncha tu ya bolti. Shimo moja la barabara, kona moja, inachomoka. Akashika ukingo wa gari.

"Kipenga, hizi siyo. Angalia nati. Haijashika."

"Leo nati," Kipenga akasema bila kuinama. "Juzi rangi."

"Nimeikaza mwenyewe, mzee," Chapuchapu akaitikia, anafuta mikono. "Imegoma kabisa kuzunguka." Akashusha boneti, paa! Kipenga akaingia, akafunga mkanda, akawasha.

"Subiri!" Fundi Subiri akapiga kelele.

Gereji nzima ikaangua kicheko. Hata Kipenga alicheka ndani ya kofia. Gari likaanza kusogea, na Subiri akasimama mbele yake, viganja viwili juu ya boneti. Honi ikapigwa usoni pake. Alitamani kusema neno jingine lolote, akaona amekwisha kuyatumia yote kwenye uongo.

"Nilikudanganya!" akalia. Kweli alilia, machozi, mbele ya mafundi. "Zile za kwanza zilikuwa nzima! Na zile za rangi! Hazikuwa na kitu, Kipenga. Niliogopa utakufa kama baba yako. Hizi ndizo mbovu. Wallahi hizi ndizo mbovu!"

Kicheko kikakatika. Kipenga akazima gari. Akashuka taratibu, akafungua boneti, na safari hii akainama. Akaishika nati kwa vidole, bila spana. Ikazunguka. Akazungusha tena, ikamtokea mkononi.

"Mungu wangu," Chapuchapu akasema.

Kipenga alivua kofia, akakaa juu ya tairi bovu lililokuwa karibu. Aliigeuza nati ile kiganjani.

"Kwa hiyo ningekufa," akasema polepole, yeye asiyejua kusema polepole, "kwa sababu wewe unaogopa nisife."

Subiri alivuka barabara, akalivuta lile boksi la kwanza chini ya benchi, akarudi. Akazifunga mwenyewe, moja moja, Chapuchapu akimshikia taa. Akakaza, akajaribu kuzitikisa, akakaza tena. Kasoro hakuiona. Aliitafuta kwa moyo wote, na hakuiona.

"Ni nzima?" Kipenga akauliza.

"Nzima."

Kipenga alimtazama kama anavyomtazama mgonjwa anayesema hana maumivu. "Baba mdogo, neno lako mimi siliamini tena," akasema. "Hata nikitaka siwezi. Kama ni nzima, panda."

Akamfungulia mlango wa pili. Subiri akautazama mlima kule mbele, akautazama ule mlango mfupi mwekundu. Akainama, akaingia, akajikunja kwenye kiti kile cha chini, akahangaika na mkanda mpaka Kipenga akamfungia.

"Uko tayari?"

"Sipo tayari," akasema, macho ameyafumba. "Twende."