Kuku Aliyegoma Kuhama

Shemeji yangu, mke wa kaka, anachora picha za vitabu vya watoto kwenye tableti, na kwa ubishi hana mpinzani. Mimi kazi yangu ni kutengeneza kompyuta, kwa hiyo nilimwambia mapema: programu yako ina leya. Kila kitu unakichora kwenye leya yake, kama karatasi za nailoni zilizopangwa moja juu ya nyingine; ukitaka kukisogeza, unasogeza hicho tu. Akanijibu kwamba yeye anachora, hafungui mashine, na kwamba chakula kipo mezani, niende nikale. Akaendelea kurundika kila kitu kwenye leya moja.

Basi akapata jalada lake la kwanza, lenye jina lake pale mbele. Binti anamrushia kuku punje za mahindi. Picha safi kabisa, hilo sikatai. Asubuhi ya kupeleka kitabu mtamboni kuchapwa, mhariri akapiga simu: kuku ahamie kushoto, maana pale alipo ndipo kitakapokaa kichwa cha kitabu. Ikishindikana hadi mchana, watachukua picha ya mchoraji mwingine.

Kuku gani wa kuhama? Kashikana na nyasi, nyasi na ukuta, ukuta na anga. Nilimkuta shemeji amekaa sakafuni jikoni, macho mekundu. Roho iliniuma, ingawa na raha kidogo niliiona, nisiseme uongo. Nikamkata yule kuku kwa programu, nikamhamishia kushoto, tundu nikaliziba kwa nyasi zilizokuwa pembeni yake. Nikakunja mikono nikisubiri kusifiwa.

Shemeji akaitazama picha, akaguna.

"Shemeji, huyu mtoto sasa anamlisha nani?"

Lo! Kuku yuko kushoto, binti anaangalia kulia, mahindi yanamwagikia hewani. Picha nilikuwa nimeikodolea macho muda wote ule na sikuona kitu. Tulicheka mpaka kaka akaja kuuliza kuna nini. Kisha shemeji akaniamuru nimfungulie leya mpya, akamgeuza binti uso, macho, mkono, na punje zikafuata. Kabla ya mchana mhariri akajibu kwamba jalada limepita.

Shemeji alishusha pumzi, akajifuta uso kwa kiganja, akanisukumia kiti.

"Kaa. Nifundishe hizo leya zako zote, leo hii. Ukimaliza, na mimi nitakufundisha kutazama."

Nikakaa.