Ukuta wa Wenye Mbio

Kwenye baa ya klabu yetu ya raga, ile raga ya wachezaji kumi na watatu, ukuta mmoja ulikuwa wa picha za wenye mbio peke yao. Alikuwapo fundi wa kiwanda cha magari cha Longbridge, marehemu, ambaye walisema hakuna mtu aliyewahi kumkamata kwa nyuma. Alikuwapo mtu wa posta mwenye nywele nyekundu. Kila mwaka kabla ya msimu tulishindana mbio za uwanja mzima, na mshindi alipigwa picha akimaliza jagi la bia.

Mimi nilikuwa winga. Nilikuwa pia kinyozi, na nusu ya timu walikuja kunyolewa dukani kwangu, mtaa wa Acocks Green. Picha yangu pale ukutani niliitaka kwa udi na uvumba, siwafichi.

Mwaka ule nikashinda. Wa pili alikuwa nahodha, na nilimwacha mbali. Kocha akaniletea jagi.

"Kocha, mimi Mwislamu, sinywi. Nipe hata maji."

Akacheka. "Mila ni mila, kijana wangu. Hunywi, hupigwi picha."

Jagi akapewa nahodha, akaligida lote, na sura yake ikatundikwa. Mbio zangu, picha yake! Wallahi nililia ndani ya basi kwa hasira, watu wananitazama.

Nikahama. Nilijiunga na klabu ya upande wa pili wa jiji, nikaanza kuingoja siku ya kucheza na wale wa zamani. Siku hiyo mpira ulinifikia katikati ya uwanja. Nahodha nilimpita kama mti. Nikavuka mstari wao, na hapo ningeuweka mpira chini nipate alama zangu za trai, yaishe. Thubutu! Nilisimama nikamngoja, mpira mkononi, mpaka akafika akajirusha. Ndipo nikauweka. Akaanguka kifudifudi, mdomo umejaa nyasi, na dada yangu aliyekuwa pembeni na kamera akainasa hiyo. Nilifurahi mpaka nikajiogopa.

Picha nikaikuza, nikaitundika dukani kwangu, mkabala na kiti cha kunyolea.

Msimu ulipoisha kocha yule wa zamani akaja kunyolewa. Aliitazama muda wote, shingo imefungwa kitambaa. Mwishowe akasema, "Ile tupe sisi. Mahali pake ni kwenye ule ukuta wetu."

Nikafungua friji, nikatoa jagi la maziwa lala aliyogandisha mama yangu, makali ya kufumbisha macho.

"Mila ni mila, kocha. Anayetaka picha hunywa kwanza."

Alikunywa lote, maskini, machozi yanamlengalenga. Akapangusa mdomo, akanyoosha mkono apewe picha yake.

"Picha haitoki hapa," nikamwambia. Nikamfungua kitambaa, nikakikung'uta nywele zake sakafuni. "Haya, anayefuata!"