Mchana Nilipomwambia Kiprono Ajifiche

Chini ya chai ambayo haijapogolewa kwa miaka mingi kuna harufu yake: majani makavu yaliyolowa yakakauka tena, kuvu, na udongo usiopata jua. Mtu mzima akisimama juu yake anaona kijani kilichosawazishwa mpaka kwenye mikaratusi ya jirani. Mtoto akiinama anaona kitu kingine kabisa, vishina vyeusi vilivyopindana na vinjia vya kutambaa ambavyo havionyeshi vinakoishia. Wageni wanaopita kwetu, upande wa Litein, husimamisha gari wakapiga picha za kile kijani cha juu. Mimi nikiipata ile harufu ya chini hujikuta natafuta mtoto kwa macho, na nimeshapita umri wa miaka thelathini na mitano.

Ilikuwa likizo ya Desemba, nikiwa na miaka kumi na mdogo wangu Kiprono ana mitano. Mvua zilikuwa zimekatika na jua lilichoma tangu saa nne asubuhi. Baba alifanya kazi ya barabara mbali na nyumbani, kwa hiyo kila kitu kilikuwa juu ya Mama: kukamua ng'ombe kabla hakujapambazuka, kupeleka maziwa barabarani, kuchuma chai, kufikisha majani kwenye kituo cha kununulia kabla lori halijaondoka, kisha kuni, maji na chakula cha jioni. Kazi yangu mimi ilikuwa moja tu, Kiprono. Mama alituruhusu kucheza shambani kwa sharti kwamba asikie sauti zetu. Alichuma huku ametega sikio, na tukikaa kimya kidogo aliita. Sisi tuliona anatuharibia raha, maana mchezo wetu wa brikicho ulihitaji ukimya. Tulitambaa chini ya chai kwenye ubaridi, mifuko imejaa mahindi ya kuchemsha, tukijificha na kutafutana, tukitoka na magoti meusi na buibui kwenye nywele. Sijawahi kupata tena starehe ya bure kama ile.

Lakini Kiprono alikuwa mzigo, na nasema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoona wakati ule. Rafiki yangu Wanjiru, ambaye wazazi wake walitoka upande wa kati wa nchi wakafungua duka kwenye njia panda, alikuwa amegundua kidimbwi kwenye kijito, bondeni. Tulikatazwa kwenda huko. Kiprono angekuja nasi, jioni angemweleza Mama kila kitu, hata yale ambayo hakuulizwa. Basi siku moja zamu ya akina mama kusaidiana kuchuma ikaangukia shamba la ng'ambo ya barabara, mbali na masikio ya Mama. Nikamwambia Kiprono ajifiche mahali ambapo hata mimi singeweza kumwona. Siku iliyotangulia alikuwa ametoka mafichoni kwa sababu Wanjiru aliiga sauti ya Mama, akalia sana kwa kuchezewa shere. Kwa hiyo nikampa sheria mpya: asitoke kwa mtu yeyote, hata akisikia ni Mama anaita, hata akisikia analia, kwa maana huo ungekuwa ujanja. Atoke mimi mwenyewe nikisema nimeshindwa. Alikubali kwa kichwa, akaingia chini ya chai kwa furaha. Wanjiru nilimdanganya kwamba Kiprono ameenda kwa Mama.

Maji yalikuwa baridi na matamu, na sitajifanya kwamba nilimkumbuka. Tuliogelea, tukaanika nguo kwenye jiwe, tukala mapera mpaka meno yakauma. Niliporudi jua lilikuwa limeinama na Mama alikuwa uani na gunia lake la majani, amekuja kutuchukua tuandamane hadi kituoni. Aliuliza Kiprono ako wapi. Nikasema alikuwa na mimi saa hii. Nilidhani nitakimbia nimtoe kabla hajashtuka, lakini nywele zangu zilikuwa na maji, na Mama aliziona. Uso wake ulibadilika pale pale. Akaanza kuita.

Sitasahau jinsi kuita kulivyoenea. Mama aliita, jirani akaitika kutoka ng'ambo, kisha wanawake wote waliokuwa wakichuma wakaacha magunia yao barabarani wakaja. Wanaume wakatoka njia panda. Waliita jina la Kiprono kila upande wa shamba letu, na chai ikakaa kimya. Mtu alimulika shimo la choo kwa tochi. Mwingine akauliza kama kuna gari lililoonekana likipita polepole, kwa sababu siku zile watu walikuwa wakizungumza kuhusu watoto wanaoibwa, na Mama akakimbia hadi barabarani kutazama huku na huku. Lori la majani lilipiga honi kituoni, likangoja, likaondoka. Chai ya watu ikabaki kwenye magunia ikipata joto na kuharibika, na hakuna aliyeitaja.

Mimi nilikuwa katikati yao, nami nikiita. Hilo ndilo linalonitia aibu zaidi. Niliita jina lake kwa sauti kubwa, nikijua kwamba hawezi kutoka kwa jina. Mwanzoni niliogopa kiboko tu. Baadaye kila dakika niliyonyamaza ilifanya kosa kuwa kubwa zaidi, na sikuona mahali pa kuanzia kusema. Halafu ikaja hofu nyingine ambayo sikuwahi kuijua. Huenda nyoka alikuwa amemuuma. Huenda hakuwa pale tena. Nikisema lile neno na chai isitikisike, basi mimi ndiye nitakayekuwa nimemaliza kila kitu. Nisiposema, bado yuko pale nilipomwacha, ameshika magoti yake, anangoja. Nilishikilia wazo hilo karibu saa nzima huku mama yangu akizunguka anaita mpaka sauti yake ikakauka.

Kisha mtu akataja kile ambacho Mama aliogopa kukitaja tangu alipoona nywele zangu: kijito. Tulishuka wote. Wanaume walikata miti mirefu ya kupapasia chini ya maji, lakini Mama hakungoja. Alivua ile aproni ya plastiki ya kuchumia, akavua gambuti moja, akainama kuvua ya pili. Mama hakujua kuogelea. Niliona mguu wake mtupu ukikanyaga tope la ukingoni na kinywa changu kikafunguka chenyewe.

"Mama, usiingie kwa maji. Hayuko huko. Mimi ndiye nilimwambia ajifiche."

Hakuna aliyenigusa. Waliniacha nitangulie kupanda, na umati wote ukanifuata nyuma, nikisikia pumzi zao. Nilisimama kwenye ukingo wa shamba, nikasema: "Kiprono, nimeshindwa. Toka." Hakuna kilichosogea. Nikasema tena, na safari hii nilikuwa nalia. Mistari mitatu kutoka niliposimama, chai ikatikisika kidogo. Akatoka akitambaa, kaptura imelowa mkojo, shingo imevimba kwa kuumwa na siafu. Aliwatazama wale watu wote, kisha akanitazama mimi.

"Nimeshinda?" akauliza.

Mama hakunichapa. Jioni ile aliniuliza swali moja tu, kwamba ilikuwa tangu saa ngapi, na nilipomwambia ni tangu mchana aligeukia moto akasukuma kuni ndani. Kesho yake alitufungulia mlango akatuambia twende tukacheze, ila asikie sauti zetu. Nilishinda siku nzima nimemshika Kiprono mkono, nikiimba nyimbo za Sunday school bila kupumzika. Ujasiri aliohitaji Mama kutuachilia asubuhi ile sikuuona wakati huo.

Sasa nina duka la kushona nguo mjini Litein. Likizo ya Desemba ndiyo msimu wa sare za shule, kwa hiyo watoto wangu wawili wanacheza kwenye kijisehemu cha sakafu kati ya cherehani na mlango, mahali ninapowaona. Jumamosi nafunga kwa saa mbili au tatu niwapeleke kwa nyanya yao, na huko pia nasimama karibu. Kiprono, ambaye amekuwa baba wa watu, huwasimulia shemeji zake hadithi ile na wote hucheka, na mimi hutoka kwenda kuangalia sufuria. Mama ananiambia nawabana watoto. Najua nawabana. Yeye aliweza kuturudisha kule kesho yake, na mimi nimeshindwa. Kitu kimoja tu ndicho nilichoweza kuwapa: nimewaambia kwamba anayekuja kusema hachapwi kabla ya kusikizwa.

Wiki iliyopita binti yangu, ana miaka minane, aliingia dukani peke yake akasimama kando ya cherehani. Nilikuwa nimewatuma wote wawili hapo jirani, jambo nisilolifanya mara nyingi. Nikaondoa mguu kwenye pedali. Aliniuliza kama nitamchapa, nikamwambia aseme kwanza. Akasema amemwacha mdogo wake achezee maji ya mfereji, na viatu vipya vya Krismasi vimelowa, naye yuko nje ya mlango anaogopa kuingia. Nilimvuta nikamkumbatia kwa nguvu mpaka akaanza kujinasua, akanitazama usoni kwa mshangao.

"Ni maji tu, Mama," akasema. "Mbona unalia?"