Mjomba Miraji na Upande wa Nyuma wa Mlima

Mjomba wangu Miraji hulitazama wingu kama mwenye duka anavyomtazama mteja aliyeingia mara ya tatu bila kununua kitu. Anakunja jicho moja, anaacha nyundo ikining'inia mkononi, na wingu likizidi kunenepa anashuka. Yeye ni fundi wa kupaua. Nyumba nyingi za mabati hapa kwetu Mtawanya, Kibiti, kazipaua yeye, na hakuna mwenye nyumba aliyewahi kumshawishi abaki juu ya paa baada ya adhuhuri katika miezi ya vuli.

"Bati na radi wanajuana," husema. "Mie sitaki kutambulishwa."

Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa ukoo ulipomkabidhi ziara. Asili yetu ni milimani, kusini ya mto. Wazee wetu walishuka wakahamia huku Kibiti, lakini makaburi ya waliotangulia yamebaki juu ya mlima tunaouita Nangundu, kwenye mahame ambayo sasa hayana hata ukuta. Kila Desemba, shule zikifungwa, tunapanda kufyeka makaburi, kusoma dua na kula sadaka. Na Desemba ndio mwezi ambao mlima ule hauaminiki kabisa. Asubuhi mbingu ni safi kama kanzu ya Ijumaa. Jua likikolea, hewa yenye mvuke inapanda kutoka mabondeni, inakutana na baridi ya juu, inavimba. Mwalimu wetu wa jiografia alituchorea ubaoni kwa mishale, nikamwambia jirani yangu wa dawati, huyu anamchora Mjomba Miraji.

Mpango wa Mjomba haubadiliki. Tunalala kijijini chini ya mlima kwa jamaa zetu. Tukishaswali alfajiri tunaanza kupanda. Dua inasomwa jua likiwa bado pole, tunakula, na kabla ya adhuhuri kila mtu awe amekwisha kuteremka kutoka kwenye ule mgongo wa mlima ambako njia inapita juu kwa juu, mawe matupu kisha miti mirefu. Hakuna kupika juu. Chakula kinapikwa chini usiku na kupandishwa kwenye sufuria.

Hilo la mwisho linamkera Babu Abdulswamadu, mdogo wake marehemu babu yangu, ambaye ndiye anayetusomea dua. "Sadaka isiyotoa moshi," hulalamika kila mwaka, "hiyo ni kubeba chakula tu. Waliolala pale watajuaje kama tumefika?"

"Watajua kwa kelele zako, mzee," Mjomba humjibu.

Haya yote yana akili. Shaka yangu ilianzia kwingine. Nyuma ya makaburi mlima unainama na kuingia kwenye bonde dogo, na Mjomba hataki mtu yeyote afike huko. Mwaka mmoja alisema kuna nyuki. Uliofuata alisema kuna swila. Mwaka jana akasema tembo.

"Tembo, Mjomba? Juu ya mawe haya?"

"Tembo hana aibu," akanijibu, akanigeuza kwa bega nikaelekea njia ya kurudi.

Nyuki, nyoka, tembo. Mtu mkweli hubaki na mnyama mmoja.

Halafu kulikuwa na harufu. Siku moja majira ya kipupwe alikuja kwetu kunywa chai, na koti lake likanuka salfa, ile dawa ya unga inayopulizwa kwenye mikorosho. Mjomba hana mkorosho hata mmoja. Anaishi kwenye shamba la mkewe, na kila mti ulioko pale ulipandwa na wakwe zake, ambao hawaachi kumkumbusha.

"Umetoka wapi?" Mama akamuuliza. Mama, Zabibu kwa jina, ni dada yake mkubwa, na anapomuuliza kitu huwa amekwisha kuijua nusu ya jibu.

"Nimepaua ghala."

"Ghala la nini?"

"La salfa."

Chai iliisha haraka siku ile.

Mwaka huu akaja kaka Ridhiwani. Baba yake alikuwa kaka mkubwa wa Mjomba, amefariki, na Ridhiwani anaishi Mbagala, anauza vipuri vya pikipiki. Alipanda Canter tuliyoikodi akiwa na viatu vyeupe na simu shingoni. Tulipofika daraja la Ndundu, tunapovukia ule mto, akamwonyesha Mjomba kioo cha simu.

"Ba'mdogo, hata huku wanasema radi mchana. Fresh, nakubaliana na wewe."

"Sasa unanionyesha nini?"

"Nakuonyesha kwamba mvua haina tatizo. Tatizo mtu. Watu wanasema unatuharakisha kule juu kwa sababu umeuza ardhi ya ukoo kwa watu wa madini."

Watu wote wakamgeukia Mjomba. Dereva wetu Husseini, Mndengereko, mtani wetu, ndiye aliyeokoa jahazi. "Nyie Wamatumbi! Walio hai Kibiti hamsalimiani, ila wafu mnawapandia mlima! Na bado mnataka kuwauzia nyumba?"

Watu wakacheka. Mjomba hakucheka. Alikuwa anatazama nje, upande wa kusini, ambako hakukuwa na wingu lolote.

Asubuhi tulipanda vizuri. Babu alipumzika mara nyingi, na kila alipopumzika Mjomba alitazama juu, kisha akamtazama Ridhiwani. Tulifyeka makaburi, tukamwaga maji, Babu akasoma dua ndefu kuliko ya mwaka jana, nadhani makusudi. Tukakaa kula. Wali ulikuwa umepoa, nyama imeganda mafuta, na Babu akasema laiti kungekuwa na moto. Mama alipoanza kukusanya sahani, Mjomba akahesabu vichwa.

"Ridhi yuko wapi?"

Viatu vyeupe havikuwepo. Mtoto mmoja akanyoosha kidole kuelekea nyuma ya makaburi.

Sijawahi kumwona Mjomba akipoteza rangi, lakini nilimwona pale. Aliita, "Ridhiwani! Wee Ridhiwani!" Sauti ikarudi peke yake. Sheria yake mwenyewe inasema hatuteremki mpaka tutimie. Akaenda hatua chache kuelekea bondeni, akarudi. Akaenda tena, akarudi.

"Si umfuate?" Mama alisema.

"Atakuja."

"Kuna tembo huko, au leo wamekwenda harusini?"

"Dada, nimesema atakuja."

Tukangoja. Joto lilikuwa la kukaba koo. Niliona wingu la kwanza likichungulia nyuma ya kilele kingine, dogo, jeupe, lenye adabu zote. Nilipolitazama tena lilikuwa na tumbo. Mjomba naye alikuwa amelikunjia jicho. Halikuwa na haraka, lilijaa tu, mpaka upande mzima wa magharibi ukawa na rangi ya sufuria iliyoungua, na upepo baridi ukapita miguuni mwetu. Hapo ndipo radi ya kwanza iliponguruma, mbali, kama mtu anayeburuta kabati.

"Twendeni chini!" mtu akasema. "Ridhi atatukuta!"

Njia ya kurudi ilikuwa mbele yetu, juu kwa juu kwenye mawe matupu kisha miti mirefu, na kwa miguu ya Babu ingetuchukua mwendo mrefu. Nyuma yetu lilikuwa bonde, hatua chache tu. Nilimwona Mjomba akiitazama njia, akalitazama bonde, akaitazama tena njia. Bati hupimwa mara mbili kabla ya kukatwa. Yeye alipima mara nyingi zaidi ya hapo.

"Miraji!" Mama alipiga kelele. "Tunakwenda wapi?"

Radi ya pili haikuwa mbali.

"Nyuma," alisema. "Acheni sufuria. Acheni mapanga. Nifuateni, na asiniulize mtu kitu."

Akachuchumaa, akampakia Babu mgongoni, akaanza kuteremka bondeni. Hakutafuta njia. Alipita mahali ambapo miguu yake ilipajua, akikwepa kila jiwe kabla hajaliona, na tulipomaliza kichaka cha mwisho nikaelewa.

Mikorosho. Mistari iliyonyooka kama madawati, mikorosho midogo iliyofika kifuani, majani yanang'aa, chini pamepaliliwa mpaka udongo mwekundu unaonekana. Na katikati amesimama Ridhiwani na viatu vyake, ambavyo havikuwa vyeupe tena, simu mkononi, akipiga picha.

"Oya!" alisema. "Wa madini ndio hawa?"

Nikwambie wewe msomaji ambaye si wa huku. Kwetu ukilima mahindi au ufuta kwenye ardhi ya ukoo hakuna atakayekuuliza, utavuna, utaondoka. Lakini ukipanda mti wa kudumu umesema ardhi ni yako, yako na ya wanao. Mkorosho ni mpaka wenye majani. Hapandi mtu mkorosho kwenye mahame pasipo wazee kuketi na kukubaliana. Mjomba alikuwa amepanda bonde zima.

"Chuchumaeni!" akapiga kelele, akimtua Babu. "Mbalimbali! Asimguse mtu mwenziwe! Msishike mti! Ridhi, chini!"

Tukatawanyika, tukachuchumaa, kila mtu peke yake kama kuku kwenye mvua, na mvua ikaanguka. Si matone. Ilimwagwa. Na humo ndani ya mvua, kila mtu akiwa mbali na mwenzake, kikao cha ukoo kikaanza kwa makelele.

"Mikorosho ya nani hii?" aliuliza Mama.

"Chuchumaa kwanza!"

"Nimechuchumaa! Ya nani?"

"Yangu!"

"Kwa ruhusa ya nani?"

Mwanga ukapasua kila kitu, na sauti ikaja papo hapo, kitu kama mbingu kuvunjwa kwa shoka. Juu yetu, upande ule wa njia tuliyoiacha, mti mmoja mrefu ulifuka moshi katikati ya mvua. Watoto wakalia. Mimi nililia pia. Kikao kikasimama.

Baada ya muda sauti ya Babu ikatoka mahali fulani, nyembamba, ikitetemeka. "Miraji."

"Naam, mzee."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Kisha ungenibembeleza, na ningekubali. Ndivyo inavyofanywa!"

Mjomba aliinamisha kichwa. Maji yalikuwa yanamtiririka puani. Kisha akasema, si kwa kelele, nilimsikia kwa kuwa nilikuwa karibu naye kuliko wote: "Miaka yote napaua nyumba za watu. Nimelala kwenye shamba la mke, hata mpapai wa nyuma ya choo si wangu. Nilitaka nife nimeacha kitu chenye mizizi."

"Anasema nini?" aliita Mama.

"Anasema samahani!" nikajibu. Mjomba akanigeukia, akanitazama kwa jicho lile la mawingu.

Mvua ilipokatika tuliinuka tukiwa tumelowa mpaka kwenye mifupa. Ridhiwani alikuwa wa kwanza kusema. Alitaka miti ing'olewe palepale. Alishika mmoja kwenye shina. "Baba yangu naye ana haki hapa. Ba'mdogo katuzuga miaka yote hii, nyuki, sijui nyoka. Leo watoto nusura wafe."

"Nusura wafe kwa sababu ya nani?" Mama akamgeukia. "Nani aliyetufanya tungoje? Uache huo mti. Na wewe Miraji, usichekelee, bado wewe."

Babu aliomba aketishwe. Hapakuwa na jiwe kavu, akaketi kwenye lenye maji. Alitazama mistari ile muda mrefu, akauliza kama imekwisha kuzaa, Mjomba akasema mwaka huu ndio mara ya kwanza. Akauliza umbali kati ya mti na mti, akaambiwa. Nilidhani sasa anahukumu mtu, kumbe alikuwa anakagua shamba.

"Mti haung'olewi," alisema mwishoni. "Kung'oa mti uliokwisha kuzaa ni laana, na mie nimezeeka, sitaki laana mpya. Ila bonde halikuwa lako. Mistari ya huku juu ni ya Ridhiwani, kwa niaba ya baba yake. Ile ya katikati ni ya Zabibu. Ya chini kule ni yako, Miraji, na leo ukoo mzima umeshuhudia, hakuna mkwe atakayekunyang'anya. Kupalilia utapalilia yote."

"Yote?" alisema Mjomba.

"Si ulikuwa unapalilia yote?"

Mama alicheka mpaka akashika kiuno. Ridhiwani hakucheka, lakini aliuachia mti. Nikamwona anahesabu mistari yake kwa macho, kisha anainama kung'oa gugu.

Tuliporudi kuchukua sufuria, jua lilikuwa limetoka, lenye haya. Mti uliopigwa ulikuwa umechanika toka juu hadi chini, na sote tulipita mbali nao bila kuambiwa. Mjomba alitangulia, Babu mgongoni, na kwa mara ya kwanza nilimwona anatembea mlimani bila kutazama nyuma kila mara.

Lakini mimi nina tabia ya kuuliza, na jambo moja lilikuwa linaniwasha tangu pale juu. Nikaongeza mwendo mpaka nikamfikia.

"Mjomba. Ulisimama pale muda mrefu, unaangalia njia, unaangalia bonde. Kama kaka Ridhi asingekuwa ametangulia kule, ungetupeleka?"

Aliruka kijito cha maji ya mvua, akamweka Babu vizuri mgongoni.

"Ningewapeleka, Muzdalifa. Radi si kitu cha mchezo."

"Kweli?"

"Kweli. Ila ningesema shamba ni la mtu wa kijijini."

Na Babu, ambaye tulidhani amesinzia, akampiga kofi la kisogo.