Nilidhani Seva Ni ya Kusevu

Mwaka 1971, nikiwa na miaka kumi na moja, baba alifariki na shule yangu ikaishia hapo, darasa la nne. Nikaanza kubeba magunia ya kahawa ya watu. Kila nilicho nacho kimetoka mgongoni. Natanguliza hilo ili ukisoma kosa langu usiseme huyu mzee ni mjinga. Mimi si mjinga. Mimi ni mbishi, na ubishi ndio ulionifanya nimtundike baba mkwe wangu shambani afukuze ndege.

Usishtuke, nitaeleza. Jina langu silitaji. Hapa Muleba wanaonijua wamekwisha kucheka vya kutosha.

Mimi ni mtu wa muziki. Wenzangu walipopata hela ya kahawa walioa mke wa pili, mimi nilinunua spika. Sebuleni kwangu kuna amplifaya ya zamani, deki ya kaseti, na spika mbili zinazonifika kifuani. Kaseti nilikuwa nazo zaidi ya arobaini. Moja haikuwa ya muziki. Ilikuwa ya harusi yangu.

Siku ya harusi baba mkwe, mzee Byera wa Rubafu, alisimama na mkuki mkononi akafanya kile ambacho sisi Wahaya tunakiita kwebuga, kujisifu kwa maneno ya kishujaa mbele ya watu, huku akinikabidhi binti yake. Alikuwa hana mpinzani kwa hilo. Alishafariki zamani. Picha zake zipo tatu, lakini sauti yake ilibaki kwenye ile kaseti tu.

Mwaka huu tukafikisha jubilei ya miaka arobaini ya ndoa. Mke wangu, Mama Koku, aliniomba kitu kimoja: siku hiyo mama yake aje asikie sauti ya mumewe. Bibi macho yamekwisha, masikio bado anayo. Shida ni kwamba deki ilikuwa imeanza kutafuna kaseti. Binti yetu Koku akanishauri kwa simu nitafute seva ya muziki. Nyimbo zote zinakaa kwenye kisanduku kimoja, ukitaka sauti unabonyeza.

Seva! Nililielewa hilo neno palepale. Kwenye simu si tunasevu namba? Basi seva ni kitu kinachosevu. Sikumuuliza mtu.

Hapo ndipo nilipoangukia, ndugu yangu, na nilianguka kifua mbele.

Nikaenda Bukoba, Hamugembe, kwa fundi Deo. Huyu ametengeneza redio zangu tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alikuwa na seva mbili zilizoletwa kutoka Mwanza. Moja ndogo, nyepesi, ina taa moja. Nyingine nyeusi, pana, nzito, ina taa sita na kioo mbele.

Nimenunua kahawa miaka thelathini. Kahawa mbovu huelea, kahawa nzuri huzama. Uzito haudanganyi. Nikaishika ile ndogo mkono huu, kubwa mkono huu, nikasema nachukua kubwa.

Fundi Deo akaanza kunieleza kwamba ile nyepesi ina diski ya kuhifadhia ndani, tena ina tundu la kuingizia sauti ya kaseti. Ile nzito, akasema, uzito wake ni bati na transfoma. Haina tumbo. Diski unatafuta mwenyewe.

"Mzee, kaa kidogo nikuonyeshe."

"Deo, wewe chomelea waya. Kuchagua niachie mimi."

Alitaka hata kuja nyumbani kuiunganisha, nikakataa. Mtu niliyejijengea nyumba nishindwe na waya?

Nikaiweka juu ya amplifaya, nikachomeka, taa sita zikawaka. Nikapiga kaseti ya kwanza kwenye deki, mwanzo hadi mwisho. Taa za seva zikawa zinapepesa. Nikajua inasikiliza.

Wiki mbili! Wiki mbili sebule yangu ilikuwa kanisa. Nilikataza watu kuongea nisije nikasevu kikohozi chao. Kuku niliwafungia. Katekista alikuja na daftari lake la jumuiya, nikamwekea kidole mdomoni. Akakaa saa nzima akitafuna kahawa kavu niliyomkaribishia kwa desturi yetu, polepole kama anaiiba, mwishowe akainuka akanipa pole ya msiba.

Ilipofika kaseti ya harusi, Mama Koku akapiga chafya katikati. Nilimtoa nje, nikarudisha mwanzo. Na mimi mwenyewe sikusikia neno hata moja la mzee. Nilikuwa naangalia taa.

Kazi ilipokwisha nikajiuliza, makaseti haya ya nini tena? Mtama wetu wa kutengenezea rubisi, pombe yetu ya ndizi, ulikuwa unaiva na ndege wanaumaliza. Kila mkulima anajua kwamba utepe wa kaseti ukifungwa kwenye vijiti, upepo ukiupiga unavuma, na ndege hawatui. Mama Koku alikuwa kwa dada yake Kagondo. Nikazitoa matumbo kaseti zote, nikatandaza shambani mstari kwa mstari. Makasha nikatupa chooni. Nilijiona mtu wa maendeleo.

Ndege kweli hawakuja.

Siku ya jubilei, baada ya misa, uwanja ulijaa. Mama mkwe aliletwa kutoka Rubafu akakalishwa karibu na dirisha la sebule. Kwetu mkwe hamsogelei mama mkwe hovyo, kwa hiyo nilisimama mbali na rimoti yangu, nikatoa hotuba. Nilisema wapo watu wanaotunza wazee wao kwenye vikaseti vya kutafunwa, mimi wangu nimemtunza kwenye mtambo. Wakanipigia makofi. Nikabonyeza.

Kimya.

Nikabonyeza tena. Kwenye kioo yakatokea maandishi ya Kiingereza. Nikawaambia inapasha moto.

Mdogo wake mke wangu ni mwalimu. Akainama dirishani, akasoma.

"Shemeji, inasema haina diski."

Nikasema ni umeme mdogo. Huo ulikuwa uongo. Nikasema imechoka na safari. Huo nao uongo, maana ilikuwa imekaa pale juu ya amplifaya wiki tano.

Mama mkwe akageuza uso upande wangu. "Byera amekataa kuongea?"

Hakuna aliyecheka.

"Baba Koku, lete kaseti yenyewe," mke wangu akasema. Alisema taratibu. Mke wangu akisema taratibu, tafuta mlango.

Basi upepo wa ziwa ukaja. Nyuma ya nyumba shamba zima likavuma, vuuuu. Mama Koku akatazama mtama, akanitazama mimi, akatazama mtama. Kwa miaka arobaini ya ndoa mtu hahitaji kuelezwa.

"Kinachovuma huko ni nini?" mama mkwe akauliza.

Nikapiga magoti na suti yangu, nikamwita kwa heshima ya Kihaya. "Waitu mama, ni baba."

Bibi akatega sikio muda mrefu. "Ndege wanasogea?"

"Hawasogei, mama."

"Hata alipokuwa hai hawakumsogelea," akasema, akaanza kucheka, na uwanja mzima ukamfuata. Aliyebaki bila kucheka ni Mama Koku. Alivua viatu vya sherehe, akaingia kwenye mtama na gauni lake la jubilei, akaanza kukusanya utepe huku machozi yanamtoka. Nikamfuata nikikusanya. Pilau ililiwa bila sisi.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi Deo na gunia la utepe. Tepe zote rangi moja, kahawia, hujui ipi dansi ipi kwaya ipi mkwe. Nikamwambia maneno ambayo sijawahi kumwambia mtu: Deo, yale maandishi ya kwenye kioo siyajui, na seva sijui ni nini, nilidhani ni ya kusevu.

Hakunicheka. Angenicheka ingeniuma kidogo kuliko alivyonitazama.

"Mzee, seva ni mhudumu. Kama yule wa hotelini. Anakuletea kilichopo jikoni. Wewe jikoni hukuweka kitu, ukampigia kelele alete chakula."

Alichukua siku nyingi kuuzungushia utepe kwenye makasha matupu ya kwake, kipande kwa kipande. Jua na mvua vilikuwa vimekula karibu wote. Cha mzee Byera kikapatikana kipande kimoja. Tukakipiga mbele ya Mama Koku na mama yake. Ikaja mikwaruzo, kisha ile sauti, nzito vilevile, inaniambia mimi:

"Mkwe wangu, nimekuchunguza. Mgongo unao, mikono unayo, masikio sijayaona. Huyu mtoto ninayekupa anayo. Ukikwama, muulize."

Arobaini! Miaka arobaini ninayo hiyo kaseti ndani ya nyumba.

Mama mkwe aliomba irudiwe mara nne. Mara ya nne Mama Koku ndipo alipocheka.

Wewe uliyejitengeneza mwenyewe kama mimi, nakuonya. Kitu cha sikio usikipime kwa mkono. Neno usilolijua uliza, hata kama anayelijua ni fundi wa waya. Na cha zamani usikitupe kabla hujasikia kipya kikiongea.

Leo nina kibanja cha migomba na kahawa, nyumba ya bati, mashine ya kukoboa, ng'ombe watatu na spika mbili. Nina seva ndogo yenye taa moja, aliyoichagua Deo. Ile nzito inazuia mlango wa stoo usijifunge. Nina dakika moja na nusu za baba mkwe. Rimoti anashika Mama Koku.